Jibu la mwendo limegoma kufanana na la nyuma ya kitabu? Anzia kwenye yuniti

Fomula umeandika sawa, namba umezitoa kwenye swali kama zilivyo, umeingiza kwenye kalkuleta mara mbili na bado unapata 518.4 wakati nyuma ya kitabu pameandikwa 40. Watu wengi wakifika hapo wanafuta kila kitu na kuanza kubadilisha fomula, na ndo wanaharibu, maana fomula ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kabla hujafuta chochote chukua namba kubwa kati ya hizo mbili uigawanye kwa ndogo. 518.4 gawanya kwa 40 unapata 12.96. Hiyo 12.96 haikuja kwa bahati mbaya, ni 3.6 mara 3.6, na inakuambia kabisa kwamba kuna spidi ya km/h imeingia kwenye fomula iliyokuwa inasubiri mita na sekunde, alafu ikapigwa skwea.

Kosa la yuniti mara nyingi lina tabia moja ambayo makosa mengi mengine hayana: linazidisha au kugawanya jibu lako kwa namba ile ile, haijalishi swali linahusu basi, jiwe au mwanariadha. Ukisahau saa ni sekunde 3600, kosa litakuwa 3600 leo na kesho pia. Kwa hiyo jibu lako baya usilidharau, lina taarifa ndani yake. Gawanya, angalia uwiano, alafu tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha pili mpaka cha nne anayehangaika na s, u, v, a na t (umbali, spidi ya mwanzo, spidi ya mwisho, akseleresheni na muda), na mzazi au kaka anayemfundisha nyumbani pia atayaweza.

UWIANO NI 3.6

Huu ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote. Treni ya urefu wa mita 200 inavuka daraja la mita 400 kwa spidi ya 72 km/h, itatumia muda gani mpaka behewa la mwisho litoke darajani? Umbali ni 200 + 400 = mita 600 (wengine wanasahau urefu wa treni yenyewe, ila hilo ni kosa la kutosoma swali, sio la yuniti). Sasa dogo anachukua 600 anagawanya kwa 72 anapata 8.33 anaandika sekunde 8.33. Jibu sahihi ni 30. Gawanya 30 kwa 8.33 unapata 3.6.

Hiyo 3.6 inatoka wapi? Kilometa moja ni mita 1000, saa moja ni sekunde 3600, kwa hiyo 1 km/h ni mita 1000 zinazotembewa kwa sekunde 3600, ambayo ni 1/3.6 ya mita kila sekunde. Ukitoka km/h kwenda m/s unagawanya kwa 3.6, ukirudi unazidisha. 72 gawanya kwa 3.6 ni 20 m/s, na 600 gawanya kwa 20 ni sekunde 30, basi.

Wanaochanganya lini kugawanya na lini kuzidisha nawaambia waache kukariri, wafikirie. Ndani ya sekunde moja gari linakwenda kipande kidogo tu cha barabara, kwa hiyo namba ya m/s siku zote ni NDOGO kuliko namba ya km/h ya spidi ile ile. Treni ya umeme ya SGR ya Tanzania ina spidi ya juu ya 160 km/h, hiyo ni kama 44.4 m/s. Ile ya Kenya ya Mombasa kwenda Nairobi inakwenda 120 km/h, ambayo ni 33.3 m/s. Ukikuta umekonveti km/h kwenda m/s na namba imekua, simama hapo hapo, umegeuza.

Kuna namba ambazo watunga maswali wanazipenda sana kwa sababu zinagawanyika vizuri, na ukizizoea utaziona zikija kwa mbali: 18 km/h ni 5 m/s, 36 ni 10, 54 ni 15, 72 ni 20, 90 ni 25, 108 ni 30. Yaani kila ukiongeza 18 huku, kule inaongezeka 5. Ukikutana na 54 au 90 kwenye swali la mwendo, karibu kila mara anayekuuliza anategemea ukonveti.

UWIANO NI 12.96

Hapa kuna sababu mbili tofauti zinazoacha alama moja, ndo maana lazima uangalie fomula uliyotumia kabla hujaamua.

Ya kwanza ni ile ya mwanzo kabisa. Gari linakwenda 72 km/h, dereva anakanyaga breki, linapungua kwa 5 m/s² mpaka linasimama, litakwenda umbali gani? Fomula ni v² = u² + 2as, v ni sifuri, kwa hiyo s ni u² gawanya kwa 2a. Ukiweka u = 20 unapata 400 gawanya kwa 10, mita 40. Ukiweka 72 kama ilivyo unapata 5184 gawanya kwa 10, mita 518.4. Kosa lilikuwa la 3.6 ila kwa sababu u imepigwa skwea na kosa nalo limepigwa skwea. Mita 518 ni karibu viwanja vitano vya mpira kwa urefu, gari la 72 km/h lenye breki nzima haliwezi kuhitaji umbali huo.

Ya pili ni ya aliyekumbuka kukonveti ila akazidisha badala ya kugawanya. 72 mara 3.6 ni 259.2, na ilitakiwa iwe 20. Gawanya 259.2 kwa 20, ni 12.96 tena. Kwa hiyo kama fomula yako haina skwea kwenye spidi, mfano s = vt, na uwiano umetoka 12.96, we umezidisha pale pa kugawanya. Kama fomula ina v² au u², basi hukukonveti kabisa. Na kama ina skwea na ulizidisha, uwiano utakuwa mkubwa wa kutisha, 12.96 mara 12.96, karibu 168.

Hili la breki naomba ulikazie hata nje ya mtihani. Mabasi ya abiria Tanzania na Kenya kikomo chake ni 80 km/h. 80 ni 22.2 m/s, kwa breki ile ile ya 5 m/s² basi linasimama ndani ya mita 49.4. Dereva akiongeza kufika 100 km/h, yaani 27.8 m/s, anahitaji mita 77.2. Ameongeza 20 tu kwenye kioo cha spidi lakini barabara anayoihitaji imeongezeka karibu mita 28, na hapo hatujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujagusa breki, ambayo kwa 100 km/h peke yake inakula karibu mita 28 nyingine. Mtu anayejua kukonveti anaiona hii kwa macho yake, na abiria anayeijua atakuwa na cha kumwambia kondakta.

UWIANO NI 3600

Mara nyingi hapa kalkuleta inahusika. Umefundishwa kwamba 72 km/h ni 72 mara 1000 gawanya kwa 60 mara 60, na kwenye daftari umeandika vizuri kabisa, 60 × 60 ikiwa chini ya mstari. Kisha unaandika kwenye kalkuleta hivi: 72 × 1000 ÷ 60 × 60, ukibonyeza sawasawa inakuletea 72000. Kalkuleta haijakosea. Inasoma kutoka kushoto, imegawanya kwa 60 ya kwanza alafu ikazidisha kwa 60 ya pili, zikafutana. Mstari wa daftarini ulikuwa unafanya kazi ya mabano na we hukuyahamisha. Andika 72 × 1000 ÷ 3600, au weka mabano (60 × 60), au gawanya kwa 3.6 moja kwa moja uachane na safari yote hiyo.

Sababu nyingine ya 3600 ni muda kubaki kwenye saa wakati spidi iko m/s. Mwendo wa 20 m/s kwa nusu saa, mtu anafanya 20 × 0.5 = 10 anaandika mita 10. Nusu saa ni sekunde 1800, jibu ni mita 36,000, kilometa 36. Hii hata bila jibu la kitabu ungetakiwa kuikamata maana mita 10 ni urefu wa basi lenyewe.

UWIANO NI 60, AU 0.6, AU NI NAMBA ISIYOELEWEKA

Hii yote ni familia ya muda, na kwa maoni yangu muda unaangusha watu kuliko umbali, kwa sababu umbali unakwenda kwa makumi na mamia, muda unakwenda kwa sitini na hakuna anayekukumbusha.

60 yenyewe inatokea sana kwenye grafu. Swali linasema basi linatoka kusimama linafika 60 km/h ndani ya dakika 2, linakwenda hivyo hivyo dakika 10, alafu linapungua na kusimama ndani ya dakika 3, tafuta umbali wote. Unachora, unapata trapeza, unatafuta eneo: nusu mara (15 + 10) mara 60, unapata 750. Ukiandika kilometa 750 maana yake basi limekwenda umbali wa mikoa kadhaa ndani ya robo saa. Mhimili mmoja ulikuwa wa km kwa SAA na mwingine wa DAKIKA, kwa hiyo eneo ni lazima ligawanywe kwa 60, jibu ni kilometa 12.5. Kabla hujatafuta eneo la grafu yoyote soma maneno yaliyoandikwa kwenye mihimili yote miwili, usiishie kusoma namba.

0.6 ni ya wale wanaoandika dakika 15 kama saa 0.15. Baiskeli, gari, chochote, 80 km/h kwa dakika 15, wanapata kilometa 12 wakati ni 20. Gawanya 12 kwa 20, ni 0.6, na itakuwa 0.6 kwa dakika zozote maana umegawanya kwa 100 badala ya 60. Ukigawanya kubwa kwa ndogo kama nilivyosema mwanzo itasomeka 1.67, ni alama ile ile.

Sasa uwiano usioeleweka, kama 1.06 au 1.19, ambao haumo kwenye namba zozote za juu. Hapo karibu kila mara kuna muda wenye dakika na sekunde umeandikwa kama desimali. Chukua Filbert Bayi, aliyeshinda mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Spidi yake ya wastani ni ngapi? Dakika 3 ni sekunde 180, jumlisha 32.16, jumla 212.16. 1500 gawanya kwa 212.16 ni 7.07 m/s, kama 25.5 km/h. Anayeandika dakika 3.3216 na kuzidisha kwa 60 anapata sekunde 199.3, na spidi ya 7.53 m/s. Jibu linaonekana zuri tu, halishtui, ndo ubaya wake.

Kwa David Rudisha kosa hilo hilo linajianika. Rekodi yake ya mita 800 ya London 2012 ni 1:40.91, yaani sekunde 100.91, na spidi ni 7.93 m/s. Ukiifanya dakika 1.4091 unapata sekunde 84.5 na spidi ya 9.46 m/s. Linganisha na rekodi ya dunia ya mita 400 ya Wayde van Niekerk, sekunde 43.03 Rio 2016, ambayo ni wastani wa 9.30 m/s. Yaani hesabu yako inasema Rudisha alizunguka uwanja mara mbili kwa spidi inayozidi ya mtu mwenye kasi kuliko wote kwenye mzunguko mmoja. Haiwezekani, kwa hiyo rudi kwenye muda.

Na saa zikiwepo ndo kabisa. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago 2023 kwa 2:00:35, umbali ni mita 42,195. Nimeona watu wanaandika saa 2.35 na wengine 2.0035. Nenda taratibu: saa 2 ni sekunde 7200, dakika ni sifuri, ongeza 35, unapata 7235. 42,195 gawanya kwa 7235 ni 5.83 m/s, zidisha kwa 3.6 ni karibu 21 km/h. Ukiwa na kalkuleta ya sayansi angalia kitufe chenye alama za digrii, dakika na sekunde, kile cha kupimia pembe: kinafanya kazi ya saa pia kwa sababu na pembe zinagawanywa kwa sitini sitini. Unaandika 2, kitufe, 0, kitufe, 35, kitufe, na inakubali kama muda.

Kitufe hicho kinakuokoa pia kwenye kutoa. Kutoka 6:40 mpaka 9:15 ni muda gani? Kwa kalkuleta ya kawaida 9.15 toa 6.40 inaleta 2.75, na mtu anaandika saa 2 na robo tatu. Ni saa 2 na dakika 35, ambayo kwa desimali ni 2.583. Ukikopa saa moja kwenye muda unakopa dakika 60, hukopi 100.

SAA ZA KWETU

Hili vitabu vya nje havitakuambia maana haliwahusu. Swali linasema basi limeondoka saa 12:00 asubuhi likafika saa 8:30 mchana, umbali kilometa 450, tafuta spidi ya wastani. Mtoto anatoa 8:30 kwenye 12:00 anapata saa 3 na nusu, spidi 128.6 km/h. Au anaona 8.30 kama ndo muda wenyewe anapata 54.2. Siku yetu inaanza kuhesabiwa asubuhi, kwa hiyo saa 12 asubuhi ni sifuri ya mchana, na kutoka hapo mpaka saa 8:30 ni saa nane na nusu kamili. 450 gawanya kwa 8.5 ni 52.9 km/h. Ona hiyo 54.2 ilivyo karibu na 52.9, ukiwa na haraka unaiacha ipite ukidhani ni mambo ya kukadiria desimali.

Ushauri wangu kwenye maswali ya aina hii badilisha kwanza saa zote mbili ziende kwenye mfumo wa saa 24, 06:00 na 14:30, alafu ndo utoe. Na safari ikivuka usiku wa manane ongeza 24 kwenye saa ya kufika: kuondoka 22:00 na kufika 05:00 ni 29 toa 22, saa 7.

UWIANO NI 100, 10, AU 50

100 ni sentimita ambazo hazikuwa mita, hilo liko wazi. 1000 ni kilometa na mita. Ila 10 inawachanganya watu maana hakuna yuniti ya urefu iliyo mara kumi ya nyingine inayotumika sana kwenye maswali haya, sasa 10 inatoka wapi? Inatoka chini ya kipeuo cha pili. Jiwe linadondoka kutoka kimo cha sentimita 80, g (akseleresheni ya mvutano wa dunia) ni 10 m/s², litachukua muda gani kufika chini? Muda ni kipeuo cha pili cha 2s gawanya kwa g. Ukiweka 80 unapata kipeuo cha 16, sekunde 4. Ukiweka 0.8 unapata kipeuo cha 0.16, sekunde 0.4. Kosa lilikuwa 100 na kipeuo kimelipunguza likawa 10. Dondosha kifutio kutoka juu ya meza uone kama kinachukua sekunde nne.

Kwenye maabara ugomvi mkubwa uko kwenye tikataima. Kale kamashine kanagonga nukta 50 kila sekunde kwenye utepe wa karatasi (ikiwa imeunganishwa kwenye umeme wetu wa hezi 50), kwa hiyo kutoka nukta moja mpaka inayofuata ni sekunde 0.02, na nafasi tano ni sekunde 0.1. Nasema NAFASI, sio nukta. Nukta sita zina nafasi tano kati yake. Anayehesabu nukta anapata muda mrefu kuliko ulivyokuwa.

Tuseme umekata utepe vipande vya nafasi tano tano, kipande cha kwanza kina urefu wa sm 2 na cha tano sm 6. Spidi ya kwanza ni 2 gawanya kwa 0.1, yaani 20 sm/s au 0.2 m/s. Ya mwisho ni 60 sm/s au 0.6 m/s. Hizo ni spidi za katikati ya kila kipande, kwa hiyo muda kati yake ni kutoka katikati ya cha kwanza mpaka katikati ya cha tano, vipande vinne, sekunde 0.4. Akseleresheni ni (0.6 − 0.2) gawanya kwa 0.4, ni 1 m/s². Ukipata 0.8 umetumia sekunde 0.5. Ukipata 100 na ukaandika m/s² umesahau sentimita (ungeandika sm/s² ungekuwa sahihi kabisa). Na kama spidi zako zimekosewa kwa 50 umehesabu nafasi tano kama sekunde tano, na hapo akseleresheni itakosewa kwa 50 mara 50, yaani 2500, kwa sababu muda unaingia mara mbili, kwanza kwenye spidi alafu kwenye mabadiliko ya spidi.

Hiyo ya muda kuingia mara mbili ikumbuke kwenye km/h² pia. Gari linalotoka 0 mpaka 100 km/h kwa sekunde 10 linaongeza 10 km/h kila sekunde, gawanya kwa 3.6 unapata 2.78 m/s². Lakini ukipewa akseleresheni kwa km/h², gawanya kwa 12,960. Saa mbili za kwenye skwea zote lazima ziende kwenye sekunde.

ALAMA IMEGEUKA

Gari linaongeza mwendo kutoka 36 km/h mpaka 72 km/h kwa sekunde 5, na we umepata akseleresheni ya −3.2. Swali linasema linaongeza, jibu linasema linapungua. Hapa umekonveti v ikawa 20 ukaiacha u ikiwa 36, na 20 toa 36 gawanya kwa 5 ni −3.2. Ukikonveti u peke yake unapata 12.4. Jibu ni 2 m/s².

Hili ni gumu kulikamata kwa kugawanya, kwa sababu ukitoa namba ya yuniti moja kwenye ya yuniti nyingine alama ya kosa inapotea, uwiano unatoka wowote ule. Dawa yake ni moja. Kabla hujaandika fomula orodhesha ulichopewa, kila kimoja na yuniti yake pembeni, konveti VYOTE, alafu ndo uguse fomula. Kukonveti katikati ya hesabu ndo kunazaa hizi za nusu nusu.

KAMA HAMNA JIBU LA KULINGANISHA

Kwenye mtihani hamna nyuma ya kitabu. Unalinganisha na dunia. Mtu anayetembea kawaida ni kama 1.4 m/s. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa 9.58 Berlin 2009 wastani wake ulikuwa 10.4 m/s. Ndege kubwa ya abiria ikiwa angani ni kama 250 m/s. Baiskeli ikikutokea 54 m/s au mtu anayekimbia 36 m/s, unajua pa kurudi. Kwa akseleresheni, kitu kinachodondoka ni 10 m/s², kwa hiyo daladala lenye akseleresheni ya 40 lina shida.

Uwiano wa 1.01 au 1.02 usikutoe jasho, hiyo ni g ya 9.8 na 10, au umekadiria mapema. Ila usizidishe kwa 0.27 badala ya kugawanya kwa 3.6, inapoteza karibu asilimia 3 na ikipigwa skwea karibu 6. Tumia 5/18 ukitaka sehemu. Na uwiano wa 1.61 ni maili za kitabu cha Marekani au Uingereza.

JARIBU HIZI

Bodaboda inatoka kusimama, inafika 54 km/h kwa sekunde 6, imekwenda umbali gani? Jibu ni nusu mara 15 mara 6, mita 45. Sasa wanafunzi watano wamekosa, sema kila mmoja kafanya nini kabla hujasoma chini.

Wa kwanza ana 162. Wa pili ana 583.2. Wa tatu ana 0.75. Wa nne ana 162,000. Wa tano ameandika 45 km.

162 ni 3.6, hakukonveti. 583.2 ni 12.96, na fomula haina skwea, kwa hiyo alizidisha kwa 3.6. 0.75 ni 60, alikonveti spidi vizuri alafu akageuza sekunde 6 kuwa dakika 0.1 bila kuombwa. 162,000 ni 3600, muulize aliandikaje 60 × 60 kwenye kalkuleta. Wa tano hesabu yake yote ni sahihi, ila mwishoni alirudi kuangalia swali akaona kilometa akaibeba ile yuniti ya swali, wakati 15 aliyoitumia ilikuwa mita kwa sekunde na sekunde zimeshafutana na zile 6, kilichobaki ni mita.